Binti Anayechora Mbele ya Dirisha: Tathmini ya Ukurasa wa Bure wa Makumbusho ya Metropolitan

Makumbusho ya Sanaa ya Metropolitan, yaliyoko New York, yameweka kwenye tovuti yao ukurasa unaohusu picha moja ya rangi za mafuta iliyochorwa Ufaransa na kuonyeshwa hadharani mjini Paris mwaka 1801. Ni picha ya sura ya binti aliyeketi katika chumba kisicho na mapambo, dirisha likiwa nyuma yake, ubao wa kuchorea ukiwa mapajani, macho yake yakimwelekea moja kwa moja anayemtazama. Anayechorwa anatajwa kuwa Marie Joséphine Charlotte du Val d'Ognes, aliyezaliwa mwaka 1786, kwa hiyo wakati huo alikuwa na umri wa takriban miaka 15. Mchoraji anatajwa kuwa Marie Denise Villers. Ukurasa huo haulipiwi, hauhitaji usajili, na unafunguka hata kwenye simu. Ninautathmini hapa kama huduma kwa sababu ndivyo unavyotumika: mwalimu huuonyesha darasani, mwanafunzi huutegemea anapoandika insha, na mtu asiye na nauli ya kwenda Marekani huufanya njia yake pekee ya kuifikia picha hiyo.

Kipimo changu ni kimoja. Je, mtu akimaliza kuutumia ukurasa huu anaweza kuisoma picha kwa macho yake mwenyewe, au ameambulia majina na tarehe? Jibu langu ni kwamba anaweza, tena kwa kiwango ambacho vitabu vingi vya sanaa vilivyochapishwa havimfikishi, mradi aanze na picha na kuyaacha maandishi yasubiri. Utaratibu huo una uzito wa pekee kwa picha hii, kwa kuwa kwa zaidi ya miongo mitatu watu waliisoma kwa kuanzia na jina la mchoraji, na jina walilolisoma halikuwa lake.

Kitu cha kwanza anachopewa mtumiaji ni picha yenyewe. Februari 2017 makumbusho hayo yalitangaza kwamba picha za kazi zisizolindwa tena na hakimiliki, ambazo wakati huo zilikuwa takriban 375,000, zinaweza kupakuliwa na kutumiwa na mtu yeyote kwa shughuli yoyote, ya biashara ikiwemo, pasipo kuomba kibali. Picha ya binti huyu ni mojawapo. Ukiigusa inakua, na ukiendelea kuikuza unafika karibu kuliko ambavyo mlinzi wa makumbusho angekuruhusu kusogea ukiwa umesimama mbele ya kanvasi yenyewe. Hii ndiyo sehemu ya huduma ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayostahili kutumiwa kwa muda mrefu kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukikuza hivyo, jambo linalojitokeza mapema ni mwendo wa mwanga. Wachoraji wa picha za sura kwa kawaida humweka anayechorwa mahali ambapo mwanga unamjia kutoka mbele au ubavuni, ili uso uonekane vizuri, kwa maana uso ndio uliolipiwa. Hapa mchoraji amegeuza utaratibu huo. Dirisha liko nyuma ya binti, mwanga unamjia kutoka mgongoni, unazipitia nywele zake za mawimbi na kuziacha na ukingo wa dhahabu, unaishika bega na mkono, halafu uso unabaki kivulini. Kwa mchoraji asiyejua kazi yake, uso huo ungekuwa doa jeusi. Lakini tunauona, na tunauona vyema, kwa sababu mwanga uliompita umeangukia karatasi na nguo nyeupe zilizo mapajani pake, ukaakisiwa kwenda juu, ukarudi kwenye kidevu, mashavu na upande wa chini wa nyusi. Ni jambo tulilozoea kuliona bila kulitafakari, kama vile kanzu nyeupe inavyouangaza uso wa mzee aliyeketi barazani jua likiwa nyuma yake. Kivuli kilichopo usoni kina joto na kina rangi ndani yake. Hakikupatikana kwa kuchanganya nyeusi na kuipaka.

Nikifuata mwendo huo wa mwanga hadi mwisho wake, napata kile ninachokiona kuwa kiini cha picha. Uso wa binti unaangazwa na karatasi anayoichorea. Mchoraji angeweza kumpa kitabu, ua, mbwa mdogo au kinanda, vitu ambavyo mabinti wa familia zenye uwezo walipewa washike katika picha za enzi hizo, na vyovyote kati ya hivyo vingekaa mikononi kama alama ya malezi bora. Karatasi hii ina kazi kubwa zaidi. Kazi ya binti ndiyo inayotuwezesha kumwona, na bila kazi hiyo kuwa mapajani pake uso wake ungepotea gizani. Sidai kwamba Villers aliliandika wazo hilo mahali popote. Ninasema tu kwamba limo ndani ya rangi, na kwamba mtu yeyote mwenye subira anaweza kulihakiki kwa kuikuza sehemu ya kidevu na kisha kushuka taratibu hadi kwenye ubao.

Baada ya mwanga, jambo linalofuata ni macho. Binti ameinama kidogo mbele, kalamu ya kuchorea iko mkononi, naye anatutazama. Mtu anayechora humtazama hivyo yule anayemchora: kwa makini, bila kutabasamu kwa adabu, akipima. Kwa hiyo mtazamaji anajikuta mahali pa kitu kinachochorwa. Na mahali hapo hapo, mwaka 1801, palikuwa na mtu mwingine mwenye brashi, yule aliyekuwa akimchora binti. Tukilichukua jina la Villers kuwa sahihi, basi mbele yetu kuna wanawake wawili, mmoja akiwa na umri wa takriban miaka 27 na mwingine 15, waliotazamana kila mmoja akiwa na chombo cha kazi mkononi. Karatasi ya binti imemwelekea mwenyewe, kwa hiyo hatuoni amechora nini. Picha moja tumeachiwa, nyingine tumenyimwa.

Swali la picha hii iwekwe katika kundi gani, la urasimi mpya, unaoiga utulivu wa sanaa ya kale ya Wagiriki na Warumi, au la ulimbwende, unaotanguliza hisia na hali ya moyo, huulizwa sana darasani, na mara nyingi wanafunzi hulijibu kwa kuorodhesha sifa za kundi moja na kuzisahau za jingine. Urasimi mpya ulichochewa na kufukuliwa kwa miji ya kale ya Herculaneum, kuanzia 1738, na Pompeii, kuanzia 1748, ukaenezwa na maandishi ya Mjerumani Johann Joachim Winckelmann kuhusu utulivu wa sanamu za Wagiriki, ukafikia kilele chake cha uchoraji nchini Ufaransa kwa Jacques-Louis David. Alama zake zimo katika picha hii waziwazi. Binti amevaa gauni jeupe la melimeli lenye kiuno kilichopandishwa hadi chini ya kifua, mtindo uliochukuliwa kutoka mavazi ya sanamu za kale na uliovaliwa sana Paris baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Ukuta ni mtupu. Hakuna mapazia ya mahameli wala nguzo za fahari. Mstari unaozunguka mwili umekatwa safi, na mikunjo ya gauni imechorwa na mtu aliyefundishwa kuziheshimu sanamu za marumaru. Mwaka mmoja kabla ya picha hii kuonyeshwa, David mwenyewe alikuwa amemchora Madame Récamier akiwa amejinyoosha juu ya kochi katika chumba kitupu, kwa gauni la aina hiyo hiyo, akaiacha picha bila kuimaliza. Iko hadi leo Louvre, jumba la makumbusho la Paris.

Lakini David hakuzoea kumweka mtu dirishani na kuufunika uso wake kwa kivuli. Kwa jambo hilo inafaa kumtazama mwalimu wa Villers, Anne-Louis Girodet, mwanafunzi wa David aliyetoka katika njia ya mwalimu wake. Mwaka 1791, akiwa Roma, Girodet alichora usingizi wa Endymion, kijana wa ngano za Kigiriki anayetembelewa na mungu wa kike wa mwezi. Na badala ya kumchora mungu huyo kama mwanamke, alimchora kama mwanga unaopenya majani na kuumwagikia mwili wa kijana. Mwanga ukawa mhusika. Miaka kumi baadaye, katika picha ya binti wa du Val d'Ognes, mwanga umekuwa mhusika tena, ila safari hii hauna ngano yoyote ya kuegemea: ni mwanga wa mchana ulioingia dirishani katika chumba cha kawaida. Hapo ndipo ulimbwende unapoingia, kwa upole, kupitia hali ya moyo ambayo mwanga unaiumba. Mtu aliye mbele ya dirisha atakuja kuwa mada kubwa ya wachoraji wa ulimbwende. Caspar David Friedrich wa Ujerumani alimchora mwanamke dirishani akitupa mgongo mwaka 1822. Binti wa 1801 yeye amelipa dirisha mgongo na kutukabili sisi.

Kwa maoni yangu, kulazimisha jibu moja kunaiharibu picha. Mstari wake umetoka katika shule ya David, mwanga wake umetoka kwa Girodet, na uzuri wake unatokana na kwamba mstari na mwanga vinabishana. Mstari unataka umbo lijulikane lote. Mwanga unataka sehemu yake ifichwe. Mtu anaweza kuulinganisha ubishi huo na utulivu wa picha ya mchoraji Mfaransa Ingres ya Mademoiselle Rivière, ya mwaka 1806, iliyoko Louvre, ambamo binti mwingine mdogo aliyevaa nyeupe amesimama mbele ya mandhari ya mto, glovu ndefu mikononi na manyoya meupe yakimzunguka mabegani. Caroline Rivière alifariki mwaka uliofuata, na habari hiyo huwafanya watazamaji wengi waione picha hiyo kwa huzuni. Ni kazi ya fundi mkubwa. Hata hivyo binti huyo amesimama ili atazamwe, na hapewi jambo lolote la kufanya. Kila ninapozifungua picha hizi mbili kwa pamoja naona upesi jinsi ubao na kalamu vinavyombadilisha mtu kutoka kuwa mapambo na kuwa mfanyakazi.

Sasa ndipo maandishi ya ukurasa yanapostahili kusomwa. Chini ya picha kuna maelezo mafupi, kisha makala ya katalogi, historia ya umiliki, orodha ya maonyesho ambayo picha ilipelekwa, na orodha ndefu ya machapisho yaliyoitaja. Ukizifuata sehemu hizo kwa mpangilio, unakuta kisa cha jina.

Picha iliingia Metropolitan mwaka 1917 kupitia wosia wa Isaac D. Fletcher, ikiwa inajulikana kuwa kazi ya David. Kwa jina hilo ilisifiwa sana, ikachapishwa katika vitabu, ikawa mojawapo ya picha zilizopendwa na wageni wa makumbusho. Mwaka 1951 mwanahistoria wa sanaa Charles Sterling alichapisha makala ya kulitilia shaka jina hilo. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa mchoro wa zamani uliochapishwa, unaoonyesha kuta za Salon ya 1801, maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, ambapo picha hii inaonekana imetundikwa. Na David hakushiriki katika Salon ya mwaka huo, kwani wakati huo alikuwa akiionyesha kazi yake kubwa ya wanawake wa Sabini peke yake, kwa kiingilio. Sterling alipendekeza jina la Constance Marie Charpentier. Ndipo mwaka 1996 Margaret Oppenheimer alipoihusisha picha na Marie Denise Villers, na hilo ndilo jina lililokubaliwa na makumbusho. Baadaye utafiti wa Anne Higonnet ulikitambua chumba kilichochorwa kuwa ni mahali ndani ya jengo la Louvre, palipotumiwa na wanawake waliokuwa wakijifunza uchoraji.

Ninaiheshimu huduma ambayo inaonyesha wazi safari ya mawazo yake yenyewe. Makumbusho mengi hubadilisha kibao cha ukutani usiku mmoja na asubuhi mgeni hajui kwamba jana palisomeka vingine. Hapa anayetaka anaweza kufuata nani alisema nini na mwaka gani, na anaweza kuona jambo ambalo limewaudhi wasomaji wengi wa makala ya Sterling, nami nikiwemo. Alipoona kwamba huenda mchoraji ni mwanamke, Sterling aliandika kwamba mvuto wa picha ulio dhahiri na udhaifu wake uliofichwa kwa ustadi vyote vinaidhihirisha roho ya kike. Udhaifu huo haukuwa umetajwa sana wakati kanvasi ile ile ilipokuwa ya David. Hakuna tone la rangi lililosogea kati ya 1917 na 1951. Kilichosogea ni jina, na jina likayavuta macho.

Ndiyo maana nasisitiza picha ianze. Anayeanza na jina la Villers leo anaweza kuangukia shimo hilo hilo kutoka upande wa pili, akaona upole, usiri na huzuni ya kike kila mahali, kwa sababu tu ameambiwa mkono ulioshika brashi ulikuwa wa mwanamke. Hali ya wanawake wachoraji wa wakati huo ni jambo la kujulikana, na inaeleza mengi: Chuo cha Kifalme cha Uchoraji kilikuwa kimeweka kikomo cha wanachama wanne wa kike, Salon ilifunguliwa kwa wachoraji wote mwaka 1791 na wanawake wakaongezeka humo mwaka baada ya mwaka, lakini shule kuu ya sanaa ya serikali iliendelea kuwafungia mlango hadi 1897. Villers alizaliwa mwaka 1774 katika familia ya Lemoine, na dada yake mkubwa, Marie Victoire, alikuwa mchoraji pia. Kwa hiyo kazi hii aliikuta nyumbani. Habari hizi zinatueleza kwa nini chumba cha mafunzo ya wanawake kilikuwa jambo lenye thamani ya kuchorwa. Hazituelezi jinsi ya kuuona mwanga kwenye kidevu. Hilo tunapaswa kulifanya wenyewe.

Nimeacha makusudi hadi hapa kile ambacho watu wengi hukitaja mapema, yaani kioo kilichopasuka. Katika dirisha kuna kioo kimoja chenye ufa, na nje, kwa mbali, wanaonekana watu wawili wadogo, mwanamume na mwanamke, wamesimama pamoja. Wafasiri wamevitumia vitu hivyo viwili kutunga hadithi nyingi za mapenzi, kutengana na usichana unaopotea. Ufasiri wa namna hiyo una asili yake: katika karne ya 18 Jean-Baptiste Greuze alichora mabinti wenye mitungi iliyovunjika, na watazamaji wake walifahamu alichomaanisha. Hata hivyo binti wa Greuze ameushika mtungi wake mbele yetu, ilhali huyu amekipa kioo mgongo na hajishughulishi nacho. Ninapoikuza sehemu hiyo naona jambo la kiufundi kwanza. Kioo kisicho na ufa hakionekani. Ufa ndio unaotuarifu kwamba pale kuna kioo, na kwamba dunia ya nje imetenganishwa na chumba kwa kitu chembamba kisichoonekana. Naona pia ukweli wa mahali: jengo la Louvre la miaka hiyo lilikuwa na vyumba walivyopewa wasanii waishi na kufanyia kazi, na vingi havikuwa katika hali ya fahari. Wale wawili wa nje wanaweza kuwa wapenzi, na binti anaweza kuwa anawakwepa. Picha inaruhusu usomaji huo, lakini haiudai. Ningependa makala ya katalogi ingetenganisha kwa ukali zaidi kile kinachoonekana na kile kinachokisiwa hapa, maana mwanafunzi asiye na mwongozo hukimbilia hadithi kwanza.

Kwa kulinganisha huduma, nimeitazama pia tovuti ya mikusanyo ya Louvre, iliyofunguliwa Machi 2021 ikiwa na kazi zaidi ya 480,000. Humo imo picha nyingine ya sura ya mwanamke kijana ambayo msomaji wa Kiswahili ana sababu zake za kuitafuta: ile iliyochorwa na Marie-Guillemine Benoist na kuonyeshwa Salon ya 1800, ya mwanamke mweusi kutoka Guadeloupe, aliyevaa kilemba cheupe, ameketi kitini na shali ya buluu, akitutazama. Benoist naye alifundishwa na David. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, na Napoleon akaurejesha mwaka 1802. Picha ilichorwa katikati ya tarehe hizo mbili. Kwa zaidi ya karne mbili ilikuwa na jina lililomtaja mwanamke huyo kwa rangi yake tu. Mwaka 2019, katika maonyesho ya Musée d'Orsay, makumbusho mengine ya Paris, kuhusu watu weusi walioketi mbele ya wachoraji, iliandikwa kwa jina lake, Madeleine. Huyu alikuwa ametumikia katika familia ya shemeji ya mchoraji, na hatuna hakika kwamba aliulizwa kama alitaka kuchorwa akiwa kifua wazi. Tofauti na binti wa du Val d'Ognes ni kubwa: mmoja alipewa kalamu na jina lake likahifadhiwa na ukoo; mwingine alisubiri hadi karne ya 21 ndipo kibao kikamwita kama mtu.

Tovuti ya Louvre ina ukweli na uzito wa kitaalamu, lakini maelezo yake mengi yako kwa Kifaransa, na ruhusa ya kutumia picha zake haina upana wa ile ya Metropolitan. Kwa mwalimu anayetaka kuchapisha picha kubwa na kuibandika ukutani, Metropolitan wanamrahisishia kazi. Kwa upande wa lugha huduma zote mbili zinamwacha msomaji wa Kiswahili nje ya mlango. Ukurasa wa Metropolitan uko kwa Kiingereza, na orodha yake ya machapisho imeandikwa kwa vifupisho ambavyo hata msomaji hodari wa Kiingereza anahitaji kuzoezwa navyo. Programu za kutafsiri zinasaidia kwa maelezo mafupi, lakini zinavuruga istilahi za sanaa katika makala ndefu.

Kuna mapungufu mengine ambayo hayaepukiki kwa picha ya kwenye kioo cha simu, na mtumiaji anapaswa kuyafahamu. Kanvasi ina kimo cha sentimita 161.3 na upana wa sentimita 128.6, yaani binti anakaribia kimo cha mtu halisi. Anayesimama mbele yake New York anakutana naye uso kwa uso, na mkutano huo ni sehemu ya maana ya picha. Vipimo vimeandikwa kwenye ukurasa, lakini namba haziingii mwilini. Nashauri mwalimu akate karatasi za ukubwa huo na kuzibandika ukutani kabla ya kuonyesha picha, ili darasa lijue linazungumzia nini. Jambo la pili ni mwangaza wa kioo. Picha nzima imejengwa juu ya tofauti ndogo kati ya kivuli na nusu kivuli, na simu iliyopunguzwa mwangaza ili kutunza chaji itaufanya uso wa binti uwe mzito na mchafu, na kuifuta kabisa kazi ya mwanga wa karatasi. Ni heri kuitazama ndani ya chumba, mwangaza wa simu ukiwa umepandishwa, kuliko nje juani. La tatu ni uzito wa faili la ukubwa kamili. Anayetumia bando dogo atosheke na kuikuza kwenye ukurasa, na upakuaji aufanye mahali penye intaneti ya uhakika.

Pamoja na hayo yote, kwa wanafunzi wa sanaa za ufundi, kwa walimu wao, na kwa yeyote anayetaka kujizoeza kusoma picha za sura bila kuongozwa mkono, naupa ukurasa huu alama ya juu kuliko huduma nyingine za bure nilizozitumia. Atakayeumaliza asiondoke kwenye tovuti hiyo kabla ya kufungua picha ya Marie Victoire Lemoine ya mwaka 1789, inayoonyesha karakana ya mwanamke mchoraji, kwa sababu nayo imo katika mkusanyo huo huo na kwa masharti yale yale ya matumizi. Katika picha ya dada mkubwa, mwalimu amesimama mbele ya kanvasi yake akiwa na ubao wa rangi mkononi, na mwanafunzi ameketi chini yake akichora. Zifunguliwe zote mbili kwa pamoja, na swali la kwanza darasani liwe ni nani kati ya wanawake hao anayemtazama mtazamaji, na kwa nini.